Shingo ya Mwenyekiti

Watu wa kijiji kile cha Tarime walimchagua Mogesi Werema kuwa mwenyekiti kwa sababu ya shingo yake. Msicheke. Chini ya taya alikuwa na uvimbe laini, wa zambarau, na kila alipopaza sauti uliumuka kama andazi kwenye mafuta. Wenyewe wakasema ni hasira. Kiongozi mwenye hasira na uchungu kiasi hicho, jamani, mtampata wapi tena? Akifoka mkutanoni, "Kesho wote shamba la ujamaa, kule mlimani!" na shingo ikatutumka, watu waliufyata wakaenda kulima mawe. Mahindi hayakuwahi kubeba. Lakini shingo ilikuwa imeshasema.

Kasheshe ilianza ugali ulipogoma kupita. Akimeza anakabwa, akiinama anatweta. Zahanati, mabingwa kweli kweli, wakampa dawa ya rovu. Uvimbe ukazidi kunenepa. Mkewe, Rhobi, akachoka.

"Baba Gati, twende Mwanza."

"Nikirudi bila hii, nani atanisikiliza?" Werema aliogopa hilo kuliko kifo.

"Na ukifa nayo, utamfokea nani?"

Daktari wa Mwanza hakutishika hata kidogo, hana adabu yule. Alimwinamisha, uvimbe ukajaa, akaubonyeza, ukanywea, akamwambia azibe pua na mdomo ajikaze, ukafura tena.

"Mzee, hii si rovu. Ni mishipa ya damu iliyojiunda vibaya tangu ukiwa tumboni mwa mama yako. Mtu angekupasua kwa papara, ungemwaga damu mpaka basi."

Hasira yake yote, kumbe mishipa! Werema aliona aibu. Akachomwa sindano za kuikausha, kisha iliyobaki ikafungwa na kukatwa.

Alirudi anameza ugali bila taabu. Raha ikadumu mpaka siku ya mkutano. Akafoka vilevile. Watu wakaitazama shingo, wakangoja. Wapi! Imelala kama ya mtu yeyote.

"Bado hajakasirika," mmoja akanong'ona, na waliokuwa wameinuka wakaketi.

Bibi Nyangi, mkongwe wa kijiji, akamwita kama anavyowaita vijana wote. "Mura, hebu tueleze. Kwa nini tulime kule?"

Miaka yote ile hakuna aliyewahi kuuliza.

"Nitauliza wilayani," mwenyekiti akasema.

Akamtazama Rhobi amwokoe. Rhobi naye alikuwa anangoja jibu.