Fimbo Inasamehe, Jabali Je?

Nilipoanza kucheza gofu hapa Mwanza, nilikuwa muoga wa maumivu. Mzee anayeuza fimbo za mtumba alinipa kwanza ya chuma kilichofuliwa, nyembamba. Nikakosea pigo, ikanitetemesha hadi kiwikoni.

“Jaribu hii nene, mwanangu,” akasema. “Hii inasamehe; ukikosea, mikono haiumii.”

Nikapiga, nikakosea tena. Mikono haikusikia kosa lolote. Mpira ukagonga jabali la ufukweni, ukarudi ukivuma, ukanipita sikioni. Nilijikuta kifudifudi nyasini, namwita mama yangu. Inasamehe! Jabali je?

Nikamwomba ya katikati: ya kufuliwa, nene kidogo, inayosamehe lakini inayouma kidogo. Mpaka leo, viganja vikiwaka tu, najua nimekosea, nalala chini kabla jabali halijajibu.