Hyasinta na Barua za Salamu

Hyasinta haendeshwi na mtu, na mashine ndiyo kabisa. Pale Makambako, kwenye ofisi ya ushirika wa mbegu za viazi, kompyuta ni kuukuu na mtandao unasuasua, kwa hiyo barua pepe anazishughulikia kwa programu ya maandishi matupu: kioo cheusi, herufi nyeupe, hakuna picha wala cha kubofya. Wageni wakiiona hucheka. Yeye huwaacha wacheke, vidole vinakimbia kwenye kibodi, na rundo la barua linajibiwa wao bado wanacheka.

Msimu wa kupanda ulipofika, barua zilimiminika kutoka kila kikundi cha wakulima. Nyingi zilikuwa na kichwa kimoja tu: Salamu. Watu wa huku hawakurupukii shida zao. Mtu atauliza kwanza habari za nyumbani, za usharika kanisani na za baridi, na wengine wakishasalimia wanaaga, basi. Silvanus, msimamizi wa ofisi, akachoka.

"Dada Hyasinta, hizi salamu zinatuchelewesha. Iamuru mashine izifute yenyewe."

"Mbona kazi ndogo!"

Akaiandika amri hapo hapo, na aliipenda: barua yenye kichwa cha Salamu, ikiwa mistari yake ya mwanzo haina maneno ya kuomba, ifutwe. Silvanus akasugua mikono. "Washa basi!"

"Thubutu! Kwanza naijaribu kwenye nakala. Itanionyesha ingefuta zipi, bila kufuta hata moja."

"Jamani, wewe naye! Watu wa Wanging'ombe wanasubiri majibu."

"Watasubiri. Kikifutwa humu hakirudi, kaka."

Akaanza kuzisoma zile ambazo mashine ingezitupa. Ya kwanza salamu tupu. Iliyofuata, mtu anashukuru kwa rambirambi. Hyasinta akawa anajisifu kimoyomoyo, mpaka alipofika kwa Mzee Nahumu, katibu wa kikundi cha Matamba. Ng'ombe amezaa, Mama Beatrisi amepona, mchungaji anawasalimu. Akashuka nayo hadi chini kabisa: "Pia, ile mbegu mliyotuletea, tukiikata inatoa majimaji meupe kama usaha. Tumeona si neno. Asubuhi hii kikundi kizima tunapanda."

Looh! Huo ni ugonjwa wa mnyauko, na ukishaingia kwenye udongo, viazi vya Matamba basi tena kwa miaka. Akanyakua simu.

"Mzee Nahumu, msipande!"

"Mwanangu, hamjambo huko? Baridi ya..."

"Baba, nisamehe, salamu baadaye! Mbegu inaumwa. Wasimamishe watu!"

Akamsikia mzee akipaza sauti kwa Kikinga, lugha ya kwao, na watu wakimwitikia kutoka mbali. Hyasinta alisubiri, simu ameibana sikioni. Mzee akarudi akihema. Magunia yalikuwa yamefunguliwa na mitaro imechimbwa, lakini hakuna kiazi kilichoingia ardhini. Walikuwa wanamalizia sala ya kubariki mbegu.

"Basi mzirudishe kwenye magunia, zote. Tunawaletea nyingine," akasema, akakata simu.

Silvanus alikuwa amesimama nyuma yake, ameshaisoma barua yote. Uso ulikuwa umemsawijika.

"Kumbe mashine ingeifuta hii."

"Mashine haijui kitu," akasema Hyasinta, akaivuta kibodi kubadilisha amri. "Ningeifuta mimi."