Saini ya Dobi

Mlango wa dobi wetu uliandikwa kwa rangi nyekundu, kwa mkono wake mwenyewe, herufi zikipanda mlima upande wa kulia: USAFI WA UHAKIKA. Aliziandika mwaka alipohamia, na kila zilipofifia alizipitishia brashi upya, kwa hiyo zilizidi kunenepa mwaka hadi mwaka. Nilikuwa namtania kwamba ipo siku neno hilo litamzibia mlango ashindwe kutoka. Utani huo siku hizi naujutia.

Mtaa mzima ulimwita Pasi. Hata marehemu mkewe alimwita Pasi, tena kwa sauti ya kuamrisha. Mimi ni msusi, na kibaraza changu kinatazamana na chumba chake. Kwa miaka ishirini na sita nimesuka vichwa vya watu huku macho yangu yakiwa kwake, basi habari zake ninazo zote. Nikitia chumvi kidogo mtanisamehe.

Asubuhi alifua. Nyeupe kwanza, za rangi baadaye, jinzi mwisho, katika mabeseni matatu ya bati aliyoyapanga uchochoroni. Saa nne nguo zilikuwa kambani. Kamba zenyewe zilikuwa nne, zimefungwa kwenye ukuta wa chumba chake, zikavuka uchochoro hadi kwenye nguzo mbili upande wangu. Mchana aliwasha mkaa, akapiga pasi hadi jioni. Kola alizipikia wanga katika sufuria, na hapo ndipo tulipopatia mchezo. Mpangaji mpya akituuliza mzee yule anafanya kazi gani, tunashusha sauti: "Ah, yule? Mambo yake ni ya wanga." Kuna mmoja alizunguka barabara ya nyuma wiki nzima akiogopa kulogwa, mpaka alipoiona sufuria na mashati. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Kitu kimoja alichokuwa nacho Pasi sijakiona kwa dobi mwingine. Hakuandika majina ya watu kwenye nguo. Alisema wino hutoka, na jina la mtu si la kusuguliwa. Kila nyumba aliipa rangi ya uzi, akatia mishono miwili ndani ya pindo, mahali ambapo mwenye nguo mwenyewe hapaoni. Mimi nilikuwa kijani. Mwalimu mstaafu alikuwa manjano. Fundi viatu alikuwa bluu. Nyuzi alizitunza katika kopo la biskuti. Na mteja akihama mtaa, Pasi alimpelekea nguo zake za mwisho, akamkatia ule uzi mbele ya macho yake na kumwambia, "Haya, sasa wewe ni wa dobi mwingine." Wengine walicheka. Mke wa mwalimu alilia kwa kwikwi kama amefiwa.

Kwa maana watu walianza kuhama. Wa kwanza alikuwa fundi viatu. Mwenye nyumba alimwambia nyumba imepata mnunuzi, basi. Pale palipokuwa na meza yake sasa pana mahali pa kunywea kahawa, viti virefu hivyo, mtu mzima na akili zake anakaa miguu ikining'inia. Akafuata mwalimu, akafuata mama aliyekuwa na watoto saba, akafuata kinyozi. Kuta zikapakwa rangi ya kijivu, madirisha yakawa ya kioo kutoka juu hadi chini, malango yakawekewa kengele. Waliokuja walikuwa na mashine zao za kufulia, hawakuhitaji uzi. Siku moja Pasi alinifungulia kopo lake akasema, "Msusi, nina rangi nyingi kuliko milango." Hakuwa anatania.

Wachache waliompa kazi, aliwafikia kwa shida. Mtu aliyezoea kupiga hodi na kuingia hadi jikoni alisimama sasa mbele ya kitobo cha kengele ukutani akizungumza nacho.

"Nani?" kitobo kinauliza.

"Nguo."

"Nani?"

"Nguo zako, mama."

Nilimcheka sana. Naye alijicheka, lakini alirudi kwake akakaa kitako muda mrefu bila kuwasha mkaa.

Sasa nimtaje Jirani. Tulimwita hivyo kwa sababu alimwita kila mtu hivyo. Alinunua nyumba aliyokuwa akipanga mwalimu, mwanamke wa umri wa binti yangu, na nikiri tu kwamba nilimpenda. Alitamka shikamoo yake hadi mwisho, hakuila nusu. Alibeba mizigo yake mwenyewe. Mashine alikuwa nayo lakini mashuka yake yalikuwa mapana na mazito, yakitoka humo yamejikunja, basi akampelekea Pasi. Pasi alifurahi akampa uzi wa bluu, ule wa fundi viatu, uliokuwa umekaa kwenye kopo miaka miwili bila kazi.

Asubuhi moja Jirani alikuja na karatasi zimebanwa kwenye ubao. "Mzee wangu, wewe unaingia kila nyumba, wote wanakuamini. Naomba unisaidie kukusanya saini."

Juu kabisa paliandikwa kwa herufi kubwa: USAFI WA MTAA WETU. Chini yake mistari mingi ya maandishi madogo. Miwani ya Pasi ilikuwa ya kutungia uzi tu, haikufika kwenye maandishi yale. Alisoma kile kichwa, uso ukamchangamka. Usafi! Neno lake mwenyewe, la mlangoni kwake. Kwa miaka alikuwa akiililia ofisi ya mtaa juu ya mtaro uliopita mbele ya kamba zake, uliokuwa ukifurika na kurushia nguo matope.

"Na mtaro umo humu?" aliuliza.

"Umo, mzee. Kila kitu kimo."

Na kweli ulikuwemo. Ulikuwa wa tatu katika orodha.

Akatia saini ya kwanza, saini yake ile ndefu yenye mkia. Kisha akavuka uchochoro akanipa mimi. Mimi najua kusoma na macho yangu ni mazima, lakini mikono ilikuwa na mafuta na kichwa cha mtu kilikuwa nusu. Nikatia saini yangu na doa juu yake. Siku nne Pasi alizunguka na ule ubao pamoja na furushi la nguo. Mama muuza mkaa, ambaye hasaini hata kadi ya harusi, alikataa, na Pasi akamwambia, "Mimi nimetia, wewe unaogopa nini?" Akatia. Zilifika saini arobaini na tatu, na kama si yeye zisingefika kumi.

Miezi minne baadaye mafundi walikuja wakachimba mtaro, wakaujengea na kuufunika kwa zege. Pasi alisimama juu ya mfuniko mpya akapigapiga kwa kisigino. "Umeona, msusi? Saini zetu hizi." Siku hiyo alianika nguo nyeupe tupu, kwa maringo.

Haikupita wiki ya pili, karatasi ikabandikwa mlangoni kwake, juu ya zile herufi nyekundu. Nilimsomea mimi. Kamba zote za kuanikia zinazokatiza njia ziondolewe. Kufua, kuwasha mkaa na kuuza mkaa uchochoroni kukome. Siku kumi na nne. Na mwisho: kufuatia maombi ya wakazi wenyewe.

Mimi nina mdomo, sifichi. Nilimshika mkono tukaenda ofisini, yeye katika shati lililonyooshwa likasimama peke yake. Ofisa alikuwa kijana mpole, mwenye sura ya mtu aliyekwisha kutukanwa mara tatu asubuhi hiyo. Nilimuuliza kwa sauti ya kusikika hadi nje, "Hao wakazi wenyewe ni akina nani? Wana majina? Waje wamwambie mzee huyu usoni!"

Kijana akafungua faili, akatusogezea karatasi. "Mama, saini hii ya kwanza ni ya nani?"

Pasi akatoa miwani yake ya uzi, akaivaa, akaivua.

"Ya kwangu," akasema.

Na chini yake palikuwa na yangu, na doa langu. Kamba zilikuwa za tano katika orodha.

Nyuma ya karatasi palikuwa na picha, ushahidi wa kero. Uchochoro wetu, na mashuka meupe yenye maua madogo yakiwa yamejaa upepo. Pasi aliinama akaitazama kwa karibu.

"Haya ni ya Jirani," akasema polepole. "Niliyabana vibanio vitatu vitatu kwa sababu ya uzito."

Uzi haukuonekana kwenye picha, lakini mtu hasahau shuka alilolikamua. Kijana alitutazama, akashusha pumzi. Alisema wakazi wale wale wakiandika barua nyingine ya kumtetea mzee kabla ya siku kwisha, atalirudisha jambo kwenye kikao. Zaidi ya hapo yeye hana la kufanya.

Njiani nilikuwa nimeshapanga kila kitu: tunaanza leo, nyumba kwa nyumba. Pasi aliketi juu ya mfuniko wa mtaro.

"Nitawaambia nini? Kwamba niliwaomba saini bila kujua ninachowaombea?"

"Waambie hivyo hivyo. Jikaze kisabuni, mzee."

Miaka yote neno hilo lilimchekesha, kwa kazi yake ile. Siku hiyo alisema tu, "Sabuni imebaki kipande, msusi."

Hata hivyo alijaribu. Mama muuza mkaa, ambaye naye siku zake ziliandikwa kwenye karatasi ile ile, alimjibu bila kuinua kichwa, "Uliniuliza naogopa nini. Nilikuwa naogopa hili." Hakumtukana. Ningeona afadhali amtukane. Kwa Jirani hakukuwa na mtu, alikuwa safarini kikazi. Akaenda kwenye lango la kijivu, akabonyeza kengele.

"Nani?"

"Dobi."

"Leo hatuna nguo, asante."

Akabonyeza ya pili, hatuna nguo. Ya tatu, hatuna nguo. Akaja kukaa kwenye benchi la wateja wangu, akasema hawezi tena. Nilikasirika, nikasema basi naenda mimi. Nilifika lango la kwanza, nikatazama kile kitobo, na sikubonyeza. Nimeshasema kwaheri kwa nyumba kumi na moja katika uchochoro huu. Nilichoka, huo ndio ukweli, na sina sababu nyingine. Nikarudi kusuka.

Binti yake ni muuguzi, anakaa ghorofa ya nne upande wa pili wa mji. Ana kibaraza cha kuanikia mashati mawili, la tatu likae begani. Alikuja siku ya kumi na nne na gari la mizigo. "Baba, utapumzika sasa," alisema, na mzee akamuuliza, "Nitapumzika na nini?" Binti akageuka akaanza kubeba mabeseni.

Asubuhi hiyo vijana wa ofisi walikuwa wameshakata kamba. Pasi alikaa kwenye kigoda mlangoni na mkasi wake mdogo, na wateja wa zamani, waliobaki, wakamletea nguo zao bila kuitwa. Shati kwa shati alitafuta pindo, akakata, akavuta uzi, akautia kwenye kopo. Yale maneno yake ya siku zote hakuyasema, maana safari hii anayehama alikuwa yeye. Hata mama muuza mkaa alileta gauni. Mimi sikupeleka. Aliponiangalia nikamwambia, "Yangu usiiguse. Kijani kinakaa."

"Msusi, dobi mwingine ataweka wapi alama yake?"

"Atajua mwenyewe."

Alitabasamu, mara ya kwanza katika wiki mbili.

Ndipo Jirani alipotokea kona, amerudi safari, amekumbatia furushi la mashuka. Alitembea akitazama juu, kule ambako kamba hazikuwepo.

"Shikamoo mzee wangu! Jamani, nimeondoka wiki tatu tu, mtaa umependeza hivi? Njia imefunguka!"

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuletea haya. Ya wageni, wanafika kesho kutwa."

Mimi niliacha kusuka. Pasi alipokea furushi kwa mikono miwili kama alivyozoea. Akalifungua magotini, akatafuta pembe ya shuka la juu, la maua madogo, akakata uzi wa bluu. Akafanya hivyo kwa la pili, na la tatu. Kisha akayakunja, kwa mkunjo wake ule wa kunyoosha kwa kiganja, akamrudishia.

Jirani aliyashika bila kuelewa. Akamwona binti kwenye gari, akayaona mabeseni. "Kwani mzee, unasafiri?"

"Hapana," Pasi alisema. "Ni usafi, mwanangu. Wa kwanza kutia saini ni mimi."

Jirani akatazama tena juu, kwenye zile nguzo mbili. Pasi alifunga kopo, akampa mkono vizuri kabisa, akapanda gari.