Shangazi Yuko Kijitoni

Miaka ishirini iliyopita, Luhende alimfukuza dada yake Selina, aliyezaa bila ndoa, kutoka bonde lao lililojificha milimani ng'ambo ya kivuko cha Kamanga. “Huku hakuna mtu anayeitwa Selina,” alisema.

Selina akawa fundi cherehani Buzuruga, na bonde lile hakulisahau hata siku moja. Juni hii alichukua likizo akarudi, maana Luhende anamwoza binti yake, na kwao bila baraka ya shangazi bibi harusi hatoki.

Alipitiliza nyumbani, akaenda kutumbukiza miguu kijitoni. Maji yalikuwa baridi vilevile.

Luhende akamfuata mbio, jasho likimtiririka. “Dada, wakwe wanakusubiri tangu asubuhi!”

“Mbona rahisi,” alijibu Selina bila kugeuka. “Waambie huku hakuna mtu anayeitwa Selina.”