Mstari kwenye Glasi

Baba yangu ni mtunza stoo wa jiko la hospitali. Kila jioni kabla ya kufunga mlango huchora mstari kwenye kila dumu, pale mafuta ya kupikia yalipoishia, na asubuhi kazi yake ya kwanza ni kuikagua mistari yake. Wapishi hawampendi hata kidogo. Nilipokuwa naondoka kwenda chuo, wenzangu walinunuliwa mashuka mapya. Mimi nilipewa kalamu nene ya kuandikia maboksi.

"Huko kuna watu wa kila aina, mwanangu," alisema. "Kaa chonjo."

Nikakaa chonjo kweli. Hosteli nilipangwa chumba kimoja na msichana tuliyemwita Kicheko, maana alicheka hata usingizini. Siku ya kwanza tu aliniambia, "Sukari ile pale kwenye kopo, mafuta ya kujipaka yale pale. Chukua tu, wala usiniulize." Mtu hajanijua hata jina, ananigawia sukari? Si bure, nikajua ana lake jambo. Nikachora mstari kwenye mafuta yangu, kwenye shampuu na kwenye chupa ya sabuni. Wiki tano mistari haikuguswa, na hilo nalo likanitia wasiwasi.

Hata hivyo ndiye aliyenishikia kiti darasani. Wengine walikuja na marafiki zao wa tangu sekondari. Bila Kicheko ningekula peke yangu tangu siku ya kwanza. Nilimpenda, sema nilimpenda huku nimemkodolea macho.

Jumamosi moja mchana mwaka wa kwanza tukafanya pati kwenye ukumbi wa hosteli. Kicheko ndiye aliyesimamia vinywaji. Spika zilitikisa madirisha, na watu ambao darasani hawaitikii salamu yangu wakanikumbatia kama ndugu yao aliyetoka safari. Kwa nini leo? Nilishasikia visa vya wasichana kutiliwa vitu kwenye vinywaji. Nikapokea juisi, nikanywa mafunda mawili, nikageukia ukutani na kuchora mstari wangu kwenye glasi. Halafu nikaiacha mezani, nikaenda msalani.

Niliporudi, juisi ilikuwa vidole viwili juu ya mstari.

Machale yakanicheza. Mafuta ya baba huwa yanashuka. Sijawahi kusikia yaliyopanda.

"Nani kashika glasi yangu?" nikauliza kwa sauti.

"Mimi," alisema Kicheko.

"Umetia nini?"

Mtu akapunguza muziki. Wote wakatugeukia.

"Juisi. Ilikuwa inaisha, nikakuongezea kabla hawajaimaliza."

"Basi inywe wewe."

Aliichukua glasi, na hapo ndipo alipouona mstari. Akaupitishia kidole.

"Ulinipimia?"

Akainywa yote, macho yake yamenikazia mimi, kisha akaiweka mezani. Nami, sitaficha, nilisubiri. Nilimchunguza nione kama atalegea. Hakulegea. Alilia tu, kimyakimya, halafu akaendelea kuwagawia watu soda. Aibu ilinivaa nikatamani ukuta unimeze.

Jioni nilimwomba msamaha. Akasema, "Yameisha," akakunja nguo zake. Darasani Jumatatu kiti cha pembeni yake kilikuwa na mtu.

Siku chache baadaye nilikuwa nachemsha chai, sukari yangu imekwisha. Nikanyoosha mkono kwenye kopo lake la plastiki, lile la chukua tu. Ubavuni palikuwa na mstari mwembamba wa peni, umechorwa sawasawa na usawa wa sukari. Nikalirudisha kopo mahali pake, nikanywa chai bila sukari.

Baba akapiga simu.

"Vipi huko, mwanangu? Hakuna anayegusa vitu vyako?"

"Hakuna, baba. Hakuna kabisa."

"Safi sana," akasema. "Hivyo ndivyo inavyotakiwa."