Mutumbwi Chini ya Kiwanja

Wakati wa Wabelgiji, kiwanja chetu cha mupira hapa Kindu kilikuwa juu ya ukingo wa Lualaba, na upande wa muto hapakuwa na ukuta. Ukipiga vibaya, mupira unaenda majini. Kwa hiyo kila mchezo mukubwa ulihitaji muntu wa mutumbwi, akae chini, angoje. Siku vijana wa inchi za ngambo walipokuja kushindana na wetu, muntu huyo nilikuwa mimi.

Sikuitwa. Nilienda mwenyewe kwa mupadri aliyepanga mashindano, nikamwambia: mutoto wangu anacheza, na hapa Kindu hakuna anayepiga kafi kunipita. Akacheka, akakubali. Mimi nilitoka Lokandu na mutumbwi wa kuazima, nikavusha watu mupaka nikapata wangu, kisha mingine. Kusoma nilisoma miaka miwili tu. Sasa mutoto wangu anasoma, anavaa jezi, anapambana na watoto wa Usumbura na wa Kigoma waliovuka ziwa na kupanda treni kuja kwetu! Nilitaka kukaa karibu kuliko baba wote.

Nilikosea hesabu. Ukingo ule ulikuwa mrefu kuliko nyumba. Kule chini sikuona kitu. Niliona vichwa vikiruka, niliona vumbi, nikasikia kelele. Baba wengine walikuwa juu wanaona watoto wao, mimi naona matope.

Lakini mutoto wangu alikuwa beki wa upande wa muto. Kila mupira ulipoanguka, yeye njo alishuka kuupokea. Mara ya kwanza alifika anahema, miguu mitupu, magoti yamechunika.

"Baba, uko unaona?"

"Naona yote. Rudi, usisimame hapa kama mugeni."

Akacheka, akapanda ukingo mbio. Tangu hapo, Mungu anisamehe, nilikuwa naomba mupira uanguke tena.

Ule ulikuwa mchezo wa mwisho, sisi na Kigoma. Sare iliwatosha wao kuchukua kombe, sababu walikuwa wamewapiga wa Usumbura magoli mengi kuliko sisi. Sisi ilikuwa lazima tushinde. Katikati ya kipindi cha pili nikasikia Kindu yote inalia kwa furaha, na muntu mumoja akainama ukingoni kuniambia: "Muzee, tumefunga!"

Basi. Kilichobaki ni kulinda lile goli moja mupaka filimbi.

Dakika za mwisho, kijana wetu mumoja akapiga mupira kwa nguvu zake zote, makusudi, ukaruka juu ya kichwa changu ukaanguka mbali, penye maji ya mbio. Mupira ulikuwa huo huo mumoja, mwingine ulikuwa umepasuka asubuhi. Na saa ya mupadri, aliyekuwa anapiga filimbi, haikungoja muntu. Nikaufuata, nikaushika. Kugeuka, naona ukingo umejaa watu.

"Muzee, polepole! Usitoke jasho!"

"Acha uende Lokandu, usalimie shemeji zako!"

"Jifanye kafi imevunjika!"

Wale wa Kigoma nao wanaita kwa ule Kiswahili chao kizuri: "Mzee wetu, tafadhali, tuletee!"

Mukono wangu ulisimama. Nasema kweli, kama ningeacha maji yanichukue kidogo tu, kombe lilikuwa letu, na mutoto wangu angelibeba.

Ndipo nikamuona. Alikuwa ameingia muto mupaka magotini, mikono mbele.

"Lete, Baba! Lete mbio! Wasiseme tumewaogopa!"

Wakubwa wote wanaomba nichelewe, na huyu wa miaka kumi na ine anapiga kelele kuwashinda. Sauti ilikuwa inamukatika. Nikapiga kafi kama sijapata kupiga maishani mwangu. Nikamutupia mupira, akaudaka, akapanda akamupa kijana wa Kigoma mukononi.

Sikuona kilichofuata. Nilisikia sauti chache za wageni peke yao wanashangilia, halafu filimbi. Baadaye waliniambia mupira ulipita upande wa mutoto wangu, kati ya miguu yake, ukaingia.

Watu waliokuwa wanavuka nami kurudi ngambo ya muto walishuka na hasira.

"Muzee, umeuza kombe letu! Kigoma watakupa nini, samaki?"

Kabla sijafungua kinywa, mutoto akapita katikati yao, akasimama mbele ya mutumbwi.

"Muache baba yangu. Mimi njo nilimuita. Goli limepita kwangu, si kwake."

Wakaingia mumoja mumoja, wakakaa. Yeye akaenda mbele kabisa, akanipa mugongo. Nilitaka kumwambia nilichokiona pale majini, lakini kinywa changu hakikujifunza maneno ya namna hiyo. Tulipoacha ukingo, niliona mabega yake yanaanza kutetemeka, na abiria mumoja akainua shingo amuangalie.

Nikaanza kugonga kafi kwenye ubavu wa mutumbwi, pa! pa! kila nikivuta maji, na kuimba kwa sauti yangu mbaya ule wimbo wa wavushaji. Abiria wakalalamika kwamba nawapigia kelele. Niliwaambia mutumbwi ni wangu. Nikaendelea kugonga mupaka ngambo, ili alie ashibe bila muntu kumusikia.