Alama Nyekundu Kwenye Mkaratusi

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata leo nikiikumbuka viganja vyangu vinatoka jasho, na mvi zote hizi kichwani. Nilitoka asubuhi kuwafungulia kuku, nikakuta mkaratusi wetu wa kando ya uzio umepigwa alama ya X kwa rangi nyekundu.

Lazima nikueleze kwa nini kuku walishinda wamefungiwa siku hiyo. Wakati wa vita vya baada ya uchaguzi, makabila yalipogeukiana, mlango wetu hapa Kiplombe ulikutwa na alama kama hiyo asubuhi, na kufikia jioni nyumba ilikuwa majivu. Tulikimbilia kambini, tukaishi ndani ya hema watoto wakikohoa. Tuliporudi tulijenga chumba kimoja cha mabati, na miaka mingi baadaye mume wangu Barasa alikuwa bado hajaweka hata dirisha. Kwa hiyo ile rangi niliielewa papo hapo, sikuhitaji mtu wa kunifafanulia.

Barasa alitoka, akaitazama, akarudi ndani kuchukua panga. Akaketi mlangoni akilinoa. Mimi nikashika simu niwapigie shemeji zangu wa Yamumbi waje na watu. Mimi hasira zangu ziko karibu, wanaonijua watakwambia. Nilikuwa nimeanza kubonyeza namba mama mkwe, aliyekuwa anachambua mboga, aliponiuliza nampigia nani. Nilipomwambia, alininyang'anya simu akaitumbukiza kifuani.

"Umeuliza mwenye aliweka hiyo alama?"

"Mama, kwani hii ni ya kuuliza?"

"Enda uulize."

"Watanikata!"

"Wakikukata tutajua jibu. Lakini ukiita watu wa Yamumbi, sisi wote tutakatwa na jibu hatutajua."

Hakuwa mtu wa kubembeleza, mama yule. Nilikwenda, na usidhani ni ushujaa. Nilimwogopa yeye kuliko panga.

Chini ya shamba letu kuna bwawa, na katikati yake kisiwa kidogo cha matete. Zamani korongo wenye taji, wale ambao majirani zetu huwaita kong'ony, walikuwa wakitaga huko. Kisha watu wakapanda mikaratusi, ikajisambaza hadi kisiwani, ikafyonza maji mpaka kiangazi paka wakawa wanavuka kwa miguu. Wengi walikuwa paka wetu sisi tuliokimbia, waliobaki bila mwenyewe wakageuka wa mwituni. Walikula makinda, na korongo wakahama. Hayo yote niliyajua baadaye. Asubuhi ile niliona tu kundi la vijana kisiwani, kila mmoja na shoka au panga.

Mmoja aliponiona akavuka kunijia, panga mkononi. Alikuwa Kiprop, mjukuu wa Mzee Kirwa, jirani yetu. Mikono yake ilikuwa nyekundu hadi kwenye viwiko. Nilirudi nyuma hatua moja.

"Mama Neema, habari ya asubuhi? Mbona unatetemeka?"

"Mti wangu mmeuwekea hiyo alama ya nini?"

"Aah, hiyo? Ni ya kukatwa tu, Mama, hata mikono yangu bado iko na rangi. Tunatoa hizi mikaratusi zote, za kisiwa na za hapa kando, ndio maji irudi na kong'ony warudi. Yenu ndio ya mwisho kwa laini. Nilipita jana mkiwa kanisa."

Nilicheka. Halafu kicheko kikageuka kilio, nikaketi kwenye matope nikalia kama mtu aliyefiwa. Kijana wa watu aliduwaa, akaanza kumwita babu yake.

Mzee Kirwa ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi hicho cha kurudisha bwawa. Alikuja polepole na fimbo yake, nikamweleza habari ya mti, ya mlango wetu wa zamani, na ya Barasa anayenoa panga. Akawaita vijana wote, akawafokea vile sijawahi kumsikia mtu mpole akifoka.

"Mliingia kwa boma ya mtu na rangi, hata hodi hamkupiga? Mnajua hii alama ilifanya nini hapa?"

Kiprop alijitetea kwamba wakati wa vita alikuwa mdogo, hakujua.

"Wewe hukujua," mzee akasema, na sauti yake ikashuka. "Mimi nilijua. Ule mwaka niliona hiyo X kwa mlango wa hawa watu, nikienda kukamua. Niliona, nikapita. Sikuwaambia."

Nilimchukia, mwanangu, sikufichi. Miaka hiyo yote tulikuwa tukisalimiana njiani, na kumbe alijua. Nilitamani kumpaka matope usoni.

Alinifuata hadi nyumbani. Barasa akasimama na panga lake, na mzee akarudia maneno yale yale mbele yake bila kuyapunguza. Nilijua damu itamwagika. Lakini Barasa akalitupa panga kwenye majani, akamwambia mzee aende zake.

Mti hatukuwaruhusu waukate. Mzee Kirwa alirudi baada ya mavuno, akapiga hodi, akaomba, tukakataa. Akarudi tena wakati wa kupanda, akanywa chai, wakaongea mambo ya mbolea, na safari hii Barasa mwenyewe ndiye aliyechukua shoka.

Kisiwa nacho hakikupona haraka. Paka tuliwatega kwa omena, wale dagaa wa ziwani, maji yakapanda kidogo kidogo, matete yakaota. Kulikuwa na korongo waliofugwa katika maboma ya watu tangu wakiwa makinda. Wakakusanywa, wakazoeshwa kisiwani, wakaachiliwa. Siku hiyo Barasa na mzee walisimama pamoja ukingoni. Barasa alikuwa ameshamsamehe. Mimi nilichelewa zaidi.

Basi wewe unayekwenda na wenzako kuponya ardhi iliyoharibika, nenda, ni kazi njema. Lakini kabla hujagusa mti wa mtu, ingia kwake, msalimu, mweleze, na akikataa urudi siku nyingine. Hofu ikikushika wewe, kaulize kwanza kabla hujaita watu. Na ukiona jirani yako amewekewa alama, hata kama si kabila lako, usipite. Gonga huo mlango mpaka ufunguliwe.

Mungu akupe miguu isiyompita mtu, na akuweke kati ya majirani watakaokuamsha.